Nafasi ya Charlotte kwenye boksi la wengi

Nianze na hukumu, mwenye haraka aondoke nayo. Mfunguaji huyu, anayefungua boksi za kadi za mpira wa kikapu kwenye laivu, ni mwaminifu, anafunga mzigo vizuri kuliko wengi niliowahi kununua kwao, na anaongea mno. Kama unachotafuta ni kadi ya Cooper Flagg, chipukizi wa Dallas, usimfuate yeye wala mwenzake yeyote wa kazi hii. Kama una timu yako na unapenda kuona boksi jipya likichanwa plastiki mbele ya macho yako, chumba chake kinafaa. Jina silitaji, maana mengi nitakayoyalalamikia hapa yako kwenye vyumba vingine pia. Akisoma atajijua.

Kwa ambao hawajawahi kuingia kwenye laivu za namna hii: badala ya kununua boksi zima la kadi mpya za mpira wa kikapu, unanunua nafasi ya timu moja. NBA ina timu 30, kwa hiyo nafasi ni 30. Zikijaa, mfunguaji anakaa mbele ya kamera, anafungua boksi moja baada ya jingine, wakati mwingine kesi nzima, yaani katoni yenye boksi kadhaa, na kila kadi inayotoka inakwenda kwa mwenye timu iliyochapwa kwenye kadi hiyo. Sizungumzii timu anayochezea mchezaji leo. Ni ile iliyochapwa, na wageni wengi hapo ndipo wanapogombana na mfunguaji. Shaquille O'Neal alivaa jezi za timu sita: Orlando, Lakers, Miami, Phoenix, Cleveland na Boston. Ikitoka kadi yake ya kumbukumbu yenye jezi ya Orlando, mwenye Lakers hana chake hata apige kelele namna gani. Michael Jordan akitoka na jezi ya Washington, anakwenda kwa aliyelipia Washington, na huyo huwa amelipa kidogo sana. Nimeona mtu akicheka peke yake kwenye soga kwa sababu hiyo, na nilimwonea wivu wa haki kabisa.

Kuna mtindo wa kuchagua timu, ambapo kila timu ina bei yake, na mtindo wa bahati nasibu, ambapo wote mnalipa sawa kisha majina yanachanganywa kwenye programu na kila mtu anaangukiwa na timu. Mimi wa pili siuwezi. Nikitaka kamari nitaifuata inakochezewa, sitaki kujikuta nimepewa timu ambayo hata wachezaji wake watano wa kuanza siwajui.

Msimu huu vyumba vimefurika, na sababu ni nembo iliyoko kwenye pakiti. Kadi za NBA za 2025-26 zimerudi mikononi mwa Topps, kampuni ambayo sasa iko chini ya Fanatics. Leseni ya peke yake ilikuwa kwa kampuni nyingine, Panini, tangu msimu wa 2009-10. Topps walikuwa wamewahi kutoa za kwao za msimu huo kabla ya kupotea, ndiyo maana Stephen Curry ana kadi ya chipukizi, yaani ya msimu wake wa kwanza ligini, ya Topps akiwa na jezi ya Golden State. Giannis, Jokić na Dončić hawana. Wote watatu waliingia ligi, wakakua, wakachukua tuzo na kujijengea majina kwenye kadi za Panini. Sasa unafungua pakiti ya Topps unamkuta Jokić mtu mzima kabisa, bingwa na MVP (mchezaji bora wa msimu), kwenye kadi ya kawaida ambayo kwake ni mpya. Hili limewapa watu wazima wa hobi hii sababu ya kununua kadi za wachezaji ambao si chipukizi, jambo ambalo miaka ya karibuni lilikuwa limekufa kabisa. Kila mtu alikuwa anawinda alama ya RC tu, ile ya kadi ya chipukizi.

Kwa Topps kuondoka na kurudi si jambo geni. Seti yao ya kwanza ya mpira wa kikapu ilikuwa ya 1957-58, kadi 80, na ndani yake yumo Bill Russell. Baada ya hapo kimya hadi 1969-70, waliporudi na zile kadi ndefu zilizomtoa Lew Alcindor, ambaye baadaye tulimjua kama Kareem Abdul-Jabbar. Wakasimama tena baada ya 1981-82, wakarudi 1992-93. Katika pengo hilo la pili ndipo Jordan alipoingia ligi, na ndiyo maana kadi yake inayotajwa kuliko zote, namba 57 ya mwaka 1986, ni ya kampuni nyingine, Fleer. Mfunguaji wangu aliieleza historia hii yote katikati ya kukata boksi, kwa haraka, bila kusoma popote, na hakukosea. Hapo alinipata. Chumba chenye mtu anayejua anachokishika mkononi ni tofauti na chumba chenye mpiga mnada.

Tuje kwenye Dallas, maana ndiko fedha yote ilikoelekea. Mavericks, timu ya Dallas, waliingia kwenye bahati nasibu ya ligi ya 2025, ile inayopanga timu zipi zitaanza kuchagua wachezaji wapya, wakiwa na nafasi ya asilimia 1.8 tu ya kupata chaguo la kwanza, wakalipata, wakamchukua Flagg kutoka chuo cha Duke. Miezi michache kabla walikuwa wamemwachia Dončić aende Lakers. Kwa mkusanyaji wa kadi hadithi hiyo imehamisha bei mara mbili: Dončić yuko na jezi ya Lakers, na Dallas iliyodhaniwa imejimaliza ndiyo nafasi ghali kuliko zote kwenye kila boksi. Chumbani humu nafasi ya Dallas peke yake ilimeza sehemu kubwa ya bei ya kesi nzima. Nyuma yake wanafuata San Antonio, wenye Victor Wembanyama na Dylan Harper aliyechaguliwa wa pili, halafu Philadelphia kwa ajili ya VJ Edgecombe, na Lakers ambao ni ghali kila mwaka, awe yupo chipukizi au hayupo.

San Antonio wana sababu ya ziada ambayo wauzaji wanaitaja kila dakika, na safari hii wana haki. Wembanyama alikuwa amefunga mkataba wa saini na Fanatics wakati leseni ya ligi bado iko kwa Panini. Matokeo yake, kadi zake za msimu wa kwanza akiwa na jezi ya Spurs zilitoka bila saini yake. Kwa hiyo mtu anayenunua San Antonio msimu huu anawinda wino wa Wembanyama kwenye kadi yenye nembo za ligi, na wino huo watu wameusubiri tangu 2023.

Sasa piga hesabu ya muuzaji. Ukijumlisha bei za nafasi zote 30 unapata zaidi ya bei ya kununua boksi hizo zikiwa zimefungwa. Lazima iwe hivyo, yeye hafanyi kazi ya sadaka: ana kodi ya chumba, taa, kamera, vifuko, posta, na usiku wake. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni jinsi nafasi ya Dallas inavyouzwa kana kwamba Flagg ameahidiwa. Boksi za hobi, zile za wakusanyaji, huahidi idadi fulani ya kadi zenye saini au kipande cha jezi ndani yake, haziahidi ni za nani. Uwiano unaochapwa na kampuni ni wa wastani wa mzigo wote uliochapishwa, hauna habari na boksi lililoko mezani. Mwenye Dallas anaweza kuondoka na Flagg wa kawaida na kadi za wachezaji wa akiba wa timu, akiwa amelipa bei ambayo ingemnunulia kadi nzuri kabisa ya Flagg, iliyochaguliwa, iliyopigwa picha pande zote mbili, bila kukesha. Mwenyeji hakusema uongo wowote. Ila kila nafasi hiyo ilipokuwa haijauzwa alikuwa anasema "fikirieni Flagg akitoka hapa" kwa sauti ya mtu aliyeshamwona ndani ya pakiti.

Mimi nilichukua Charlotte. Ni timu yangu tangu enzi za Muggsy Bogues na Larry Johnson, na naipenda ile rangi yao ya samawati-kijani ikiwa imechapwa kwenye karatasi nzuri. Safari hii pia ilikuwa na akili: wana LaMelo Ball, wana Brandon Miller, na chaguo la nne la 2025 walimchukua Kon Knueppel, mpigaji wa pointi tatu aliyecheza Duke pamoja na Flagg. Bei ilikuwa ya katikati. Kwa Charlotte kuwa na bei ya katikati ni heshima, kuna misimu tulikuwa tunagawiwa kama nyongeza kwa anayenunua timu nyingine.

Ufunguaji wenyewe anaufanya vizuri. Anaonyesha boksi pande zote sita kabla ya kugusa kisu, plastiki ikiwa imekaza na nembo zikisomeka. Mikono haitoki nje ya picha hata mara moja, na akilazimika kuchukua kitu pembeni anaziacha kadi mezani, katikati ya mkeka, kamera ikizitazama. Anakata pakiti kwa juu, anatoa kadi zikiwa zimelala kifudifudi, anazipanga kwa kidole gumba huku akitafuta ile iliyo nene au yenye mgongo wa tofauti, anaisogeza nyuma kabisa. Halafu anazigeuza. Za kawaida anazipitisha haraka akitaja timu tu. Za rangi, yaani zile zilizochapwa kwa rangi tofauti na kwa idadi ndogo, kila moja na namba yake, anazisimamisha mbele ya taa na kusoma namba. Hapo nina lalamiko: namba anaisoma kabla haijaonekana sawasawa, na kamera inachelewa kushika. Kadi iliyopigwa namba ina maana kwa sababu ya ile namba, na ningependa niisome mwenyewe kabla haijaingia kwenye kifuko.

Knueppel alitoka kwenye boksi za mwanzo. Kwanza wa kawaida mwenye alama ya RC, baadaye wa rangi, aliyepigwa namba. Sikupiga kelele kwenye soga, lakini nilisogea karibu na skrini.

Kisha ikatoka kadi moja yenye wachezaji wawili wa timu mbili tofauti, mmoja wao wangu. Hapa ndipo unapomjua mfunguaji. Kwenye vyumba vingine nimeona mwenyeji akiamua tu kwa mdomo, "hii apewe fulani," na fulani huyo bila kukosa ni mteja mkubwa. Huyu alisimamisha kila kitu. Akaandika majina yetu mawili kwenye programu ya kuchanganya, skrini ikiwa wazi kwa wote, akarusha dadu mbili kwenye mkeka, jumla ya dadu ikawa ndiyo idadi ya mara za kuchanganya orodha, akabonyeza huku akihesabu kwa sauti. Jina la juu ndilo lilichukua kadi. Halikuwa langu. Niliikosa kadi nzuri na bado sina neno la kumlaumu.

Vivyo hivyo kwa kadi za kudai. Hizi ni zile zinazotoka mchezaji akiwa bado hajasaini: unapewa karatasi yenye namba ya siri, unaiingiza kwenye tovuti ya kampuni, kadi halisi inakuja baadaye, na hiyo baadaye inaweza kuwa ndefu. Ilipotoka moja, ya timu nyingine, aliifunika sehemu ya namba kwa gumba kabla hata hajaigeuza kwa kamera. Ni jambo dogo. Lakini laivu inarekodiwa na watu mia wanatazama, na mwizi wa namba hahitaji zaidi ya picha moja ya skrini.

Sasa kelele. Kila kadi ya chipukizi iliyotoka, mwenyeji alitangaza kwamba "hii ni kumi." Anamaanisha alama ya 10 ya PSA, alama ya juu kabisa ya wale wanaopima hali ya kadi na kuifungia kwenye kasha gumu. Bwana, kumi haionekani kwenye laivu. Unahitaji kadi mkononi, taa ya pembeni, na subira: uangalie pembe nne kama zimechomoza nyuzi nyeupe, kingo kama zimemenyuka, uso kama una mstari wa mashine au alama ya kidole, na ukingo wa kushoto na kulia kama unalingana. Wangu wa rangi, niliyetangaziwa kumi, alipofika nilimweka chini ya taa nikaona picha imeegemea upande mmoja, ukingo wa kulia mwembamba kuliko wa kushoto kwa kiasi cha kuonekana bila rula. Ni kadi nzuri, inakaa kwangu, haiendi kupimwa. Tatizo ni kwamba yuko mgeni atakayesikia "kumi," atalipa gharama za kuipeleka, na atarudishiwa nane. Mwenyeji anayeijua historia ya Topps kwa moyo anajua hili pia, na anapaswa kunyamaza.

Mzigo. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kadi zangu zote muhimu zilikuja kwenye kifuko laini kwanza, kisha toploda, yaani lile ganda gumu la plastiki lenye mdomo wazi juu. Mdomo ulizibwa kwa utepe wa gundi wa karatasi wa mafundi rangi, ule usioacha unata, na mwisho wa utepe umekunjwa ili upate pa kushika. Zote ndani ya mfuko mmoja uliozibwa, katikati ya vipande viwili vya kadibodi vikubwa kuliko toploda, vimefungwa msalaba, halafu plastiki ya mapovu. Hakuna kilichocheza ndani. Linganisha na muuzaji mwingine aliyewahi kunitumia kadi ikiwa kwenye toploda bila kifuko laini, mdomo umezibwa kwa gundi ya kawaida ya uwazi, iliyong'ang'ania hadi nikaitoa kwa kisu nikiwa nimeshika pumzi. Kadi ilikuwa imeteleza humo njia nzima na uso wake umechanika mikwaruzo midogo kama ukungu. Kukunja ncha ya gundi kunachukua sekunde moja. Anayekunja anakusanya kadi mwenyewe, anajua upande wa pili kuna mtu.

Lalamiko langu kubwa liko hapa: kadi za kawaida hazitumwi. Sheria yao, iliyoandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa ya ukurasa wa kununulia, inasema utatumiwa chipukizi, za rangi, zenye namba, saini na vipande vya jezi. Nyingine zote zinabaki kwao isipokuwa umeomba mapema na umelipia nyongeza ya uzito. Naelewa sababu. Kesi moja inatoa rundo la kadi za kawaida, na kumtumia kila mtu rundo lake ni hasara ya posta. Lakini mtu anayenunua timu, tofauti na anayewinda chipukizi, mara nyingi anataka timu nzima: LaMelo wa kawaida, Miller wa kawaida, na yule mchezaji wa akiba ambaye mwakani hatakuwepo ligini na kadi hii ndiyo ushahidi wake. Kwangu hizo ndizo seti. Sheria hiyo ingeandikwa juu, karibu na bei. Niliomba, nikalipa, zikaja, zikiwa zimefungwa kwa unadhifu uleule. Ambaye hakusoma hadi chini hazikumfikia.

Kuhusu kadi zenyewe kwa kifupi: hizi za seti kuu ni za karatasi, na karatasi ina raha yake. Haijikunji kama zile zenye uso wa kromu zinavyojipinda ukiziacha wazi, na inakaa vizuri kwenye albamu. Aliyezoea kung'aa kwa Prizm, seti ya Panini, ataona zimepoa. Huyo asubiri Chrome, toleo la Topps lenye uso wa kromu, ambako ndiko ngazi ya rangi inapoeleweka vizuri hata kwa mgeni: dhahabu nakala 50, chungwa 25, nyekundu 5, na superfractor moja tu duniani. Kumbuka kwamba kadi za Kobe Bryant za 1996-97 na LeBron James za 2003-04 ambazo watu wanazililia sana ni za Topps Chrome, kwa hiyo vyumba vitajaa kuliko hivi.

Zikija hizo nitakuwa chumba hikihiki, Charlotte ileile, na ombi la kadi za kawaida nitalituma kabla hajaanza kukata. Flagg nikimtaka nitamnunua akiwa peke yake, wiki kadhaa baada ya mzigo kuingia sokoni, watu wakiwa wameshafungua vya kutosha na bei ya siku ya kwanza imeshapoa. Sauti ya laivu nitaipunguza hadi katikati.